Rada ya kupimia kasi ya risasi: nimeipenda, ila tuna ugomvi

Kazini mimi ni mkaguzi wa mizani. Mtu akiniletea namba, swali langu la kwanza ni namba hiyo inaweza kukosea kwa kiasi gani. Nasema hivi mapema ili ujue unasoma maoni ya mtu wa namna gani. Hii rada ninayo kwenye begi kila ninapokwenda uwanjani, sina mpango wa kuiuza, na bado kuna mambo yake yananikera.

Ni kidude kinachoenea kiganjani. Unakiweka juu ya miguu yake mitatu kando ya bunduki, unakielekeza kule shabaha iliko, na kila risasi ikitoka kinaandika kasi yake kwenye kioo. Chapa sitaji, kwa kuwa za aina hii sasa ziko kadhaa, hazipishani sana, na nitakayosema yanazihusu zote. Mimi napiga bunduki ya .22, ile ndogo ambayo risasi yake ina upana wa sehemu 22 za mia za inchi, nikiwa nimelala, mita 50. Mara mojamoja napiga mita 300 kwa bunduki kubwa zaidi.

Kwa nini mlengaji wa karatasi ahangaike na kasi? Kwa sababu risasi ikishatoka kwenye mdomo wa mtutu inaanza kuanguka papo hapo, na imeanguka kiasi gani inategemea imekaa hewani muda gani. Ya .22 inayotoka kwa mita 327 kwa sekunde inatumia takriban sekunde 0.16 kufika mita 50, na katika muda huo inashuka kama sentimita 12 chini ya mstari wa mtutu. Darubini ukishairekebisha inazifidia hizo 12. Shida ni kwamba inafidia 12 tu, kila mara, hata kama risasi iliyotoka safari hii ni ya mita 318. Hiyo ya 318 inachelewa kidogo, inashuka zaidi, na tofauti yake ni kama milimita 6 na nusu.

Milimita 6 na nusu ni kitu? Kwenye karatasi ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, mduara wa kumi una kipenyo cha milimita 10.4. Pointi zikihesabiwa kwa desimali, kila milimita 0.8 unayotoka katikati inakunyofoa sehemu moja ya kumi ya pointi. Risasi iliyostahili 10.9, yaani ya katikati kabisa, inaishia 10.1, na wewe uliyelala pale hukutikisa hata ukope. Ndiyo maana watu wa .22 hawalali usingizi kwa ajili ya loti, yaani mafungu ya risasi zilizotengenezwa pamoja kiwandani: wanajaribu loti moja baada ya nyingine, wakipata inayokubaliana na mtutu wao wanainunua kwa wingi na kuificha.

Cha ajabu, nikihamia mita 300 presha ya jambo hili inashuka. Risasi ya .308, ile ya bunduki yangu kubwa, yenye uzito wa gramu 10.9, inayotoka kwa mita 800 hivi kwa sekunde, ukiipunguzia kasi kwa mita 10, inashuka sentimita 2 zaidi. Mduara wa kumi wa karatasi ya mita 300 una sentimita 10. Kwa hiyo mtu wa .22 katika mita 50 ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa kasi isiyotulia kuliko mtu wa mita 300, ingawa ukisikiliza mazungumzo uwanjani utadhani ni kinyume. Ukisogea hadi mita 900, hapo mambo yanageuka kabisa: zilezile mita 10 kwa sekunde zinakuwa sentimita 30 hivi, kwa kuwa kuanguka hakuongezeki kwa hatua sawa na umbali. Anayepiga masafa hayo bila kujua kasi yake anabahatisha.

Na mtu asiniambie dawa ni kununua .22 za kasi kubwa. Risasi za shabaha za .22 hutengenezwa makusudi zitoke chini ya kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 kwa sekunde au zaidi kidogo kutegemea joto la hewa. Ile inayotoka juu ya hapo hupambana na hewa vibaya sana mwanzoni, inapoteza kasi haraka, na upepo wa pembeni huisukuma kuliko unavyoisukuma ile ya pole. Wageni wa mchezo huu hubisha. Upepo ukianza, ubishi unaisha.

Kupima kasi ya risasi si jambo jipya. Mwingereza Benjamin Robins alieleza njia yake mwaka 1742: unaipiga risasi kwenye gogo zito lililoning'inizwa, unapima gogo limebembea kiasi gani, unapiga hesabu. Wengi wetu tulianzia kwenye vile vifaa vya macho mawili, risasi inapita juu ya jicho la kwanza kisha la pili, na saa inahesabu muda wa katikati. Vinafanya kazi, lakini vinategemea mwanga wa jua, na umbali kati ya macho hayo ni mdogo. Macho yakiwa sentimita 60 kutoka moja hadi jingine, kosa la milimita 3 tu katika kuyapachika linakupotosha kwa asilimia nusu, yaani zaidi ya mita moja na nusu kwa sekunde kwa risasi yangu. Halafu lazima upige kupitia katikati yake, na kila klabu ina kifaa kimoja cha aina hiyo chenye tundu ambalo hakuna anayekiri kulitoboa.

Kuna pia vile vya sumaku vinavyofungwa kwenye mtutu wenyewe. Hivyo hupima vizuri sana, na havijali mwanga. Ila umeshaning'iniza uzito kwenye ncha ya mtutu, na bunduki siyo ileile tena: kundi la matundu linahama, wakati mwingine linabana, wakati mwingine linatawanyika. Utaijua kasi, lakini karatasi ya siku hiyo haitakufaa kwa lolote.

Hapo ndipo rada inapoingia, na hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuisifu. Haiigusi bunduki. Inarusha mawimbi, yanagonga kisogo cha risasi inayokimbia na kurudi yamebadilika marudio, jambo ambalo Christian Doppler alilieleza mwaka 1842 akizungumzia nyota. Kutokana na badiliko hilo rada inakokotoa kasi. Matokeo yake ni kwamba kwa risasi moja unapata vitu viwili vya kweli kwa pamoja, kasi yake na tundu lake. Ukiwa na karatasi ya kielektroniki inayokupa kila tundu kwa mpangilio, au mtu wa kukuandikia, unaweza kukaa jioni na kuoanisha namba na tundu, moja baada ya jingine.

Ukianza kuoanisha ndipo maajabu yanapoanza.

Tulikuwa tunajaribu loti mpya. Namba zilikuwa zinatoka zimetulia: 326, 328, 327, 327, 325. Kisha kioo kikaandika 318. Niliisoma kabla sijaangalia shabaha, na kichwani nikaipeleka chini kwenye mstari wa mduara wa kumi. Mzee anayetufundisha alikuwa nyuma yangu na darubini yake ya kusimama.

"Usiangalie kwanza," akaniambia. "Mashine yako inasema iko wapi?"

"Chini, mzee. Milimita 6, 7 hivi chini ya wenzake."

"Haya, angalia."

Tundu lilikuwa ndani ya kundi. Tena limekula ukingo wa juu wa tundu la pili. Mzee hakucheka, ingawa alitaka.

Rada haikukosea, na hesabu ya kuanguka haikukosea. Kilichosahaulika ni kwamba mtutu haujatulia wakati risasi inapita ndani yake. Risasi ya .22 inakaa ndani ya mtutu kwa milisekunde mbili na ushei, na katika kitambo hicho baruti imeshawaka, bunduki imeshaanza kusukuma bega, na mtutu unachezacheza kama ufito uliopigwa. Mdomo wake unapanda na kushuka. Ikiwa risasi zako zinatoka wakati mdomo uko njiani kupanda, ile ya pole iliyochelewa ndani inatoka mdomo ukiwa umeinuka zaidi. Inarushwa juu kidogo, kisha inaanguka zaidi, na hayo mawili yanafutana. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: kufuta milimita 6 na nusu katika mita 50, ncha ya mtutu wa sentimita 65 inatosha kuinuka kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Na ikiwa risasi zinatoka mdomo ukishuka, basi makosa mawili yanajumlishana, na hata loti iliyotulia itakupa kundi lililorefuka wima.

Hili nalo lina umri. Mwanasayansi Mwingereza A. Mallock aliandika juu ya mitetemo ya mitutu mwaka 1901. Walengaji wa uwanja wa Bisley, Uingereza, walijua kwa vitendo kwamba Lee-Enfield, bunduki ya jeshi ambayo kwa mita 200 haikuwa ya kutamba mbele ya zile za muundo wa Kijerumani wa Mauser, ilizigeuzia kibao kwenye masafa marefu. Mwili wake ulipindika kwa namna iliyozirusha juu risasi za pole. Fidia ya aina hiyo hukaa sawasawa kwenye umbali mmoja tu, kwa sababu pembe huzaa tofauti inayokua sambamba na umbali, huku tofauti ya kuanguka ikikua kwa kasi zaidi ya hapo. Bunduki inayofidia sawa kwa mita 900 itazirusha risasi zake za pole juu mno kwa mita 200.

Wengi wa .22 sasa hufunga kwenye ncha ya mtutu uzito unaozungushwa, ili kusogeza mtetemo hadi risasi zitoke wakati unaofaa. Kabla ya rada, kuurekebisha uzito huo kulikuwa kama ushirikina: unazungusha kidogo, unapiga kundi, unakunja uso. Ukiwa na kasi ya kila tundu unauliza swali lililo wazi zaidi: za pole zinakwenda wapi? Zikiwa chini, endelea kuzungusha. Zikichanganyika na wenzake, acha hapo. Zikianza kupanda juu, umepitiliza. Kwa kazi hii peke yake nasema rada ni chombo cha thamani, na nashangaa kwamba kijitabu chake hakigusi habari hii hata kwa mstari mmoja.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Kioo kinapenda kujionyesha. Kinaandika 326.8, yenye desimali, na watu wanaiamini desimali hiyo kama msahafu. Watengenezaji wa rada hizi kwa kawaida huahidi usahihi wa asilimia 0.1, na kwa kasi yangu hiyo ni theluthi moja ya mita kwa sekunde kila upande. Ni usahihi mzuri sana, sina neno. Lakini aliyepata 326.8 na jirani yake aliyepata 326.5 kwa rada nyingine hawana cha kubishania.

Kinachonikera zaidi ni ule mchepuko sanifu, ile namba inayoonyesha kasi zako zimetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Rada yangu inaanza kuionyesha baada ya risasi 3. Risasi 3! Ningepitisha mizani kazini kwa vipimo 3 ningefukuzwa. Ukipiga 5 ukapata mchepuko wa mita 3 kwa sekunde, ukweli wenyewe, kwa uhakika wa asilimia 95, unaweza kuwa popote kati ya 1.8 na 8.6. Ukipiga 10 ukapata ileile 3, ni kati ya 2.1 na 5.5. Hata ukipiga 30, bado ni kati ya 2.4 na 4. Halafu unamkuta mtu anatupa loti yenye mchepuko wa 3.4 na kukumbatia ya 2.6, zote kwa risasi tanotano, na anakueleza kwa kujiamini kabisa.

Tofauti kati ya risasi ya kasi kuliko zote na ya pole kuliko zote ndiyo mbaya zaidi, maana inakua kadiri unavyopiga. Kwa loti ileile, risasi 5 kwa wastani hutoa upana wa mara 2.3 ya mchepuko, na 20 hutoa mara 3.7. Anayejisifu kwa upana wa risasi 5 mbele ya aliyepiga 20 anashindana na mtu aliyekimbia umbali mwingine.

Na hata namba ikiwa ya kweli, uzito wake kwenye karatasi ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Mchepuko wa mita 3 kwa sekunde, kwa .22 yangu, huchangia mtawanyiko wa wima wa milimita 2.2 hivi. Tuseme mtawanyiko wangu wote wa wima, ukiingiza pumzi yangu, mkono, mtutu na risasi zenyewe, ni milimita 4. Vitu hivi havijumlishwi kawaida. Hujumlishwa kwa miraba. Ukiondoa kabisa tofauti ya kasi, ukapata loti ya peponi isiyopishana hata chembe, mtawanyiko wangu unashuka kutoka 4 hadi 3.3 tu. Zilizobaki ni zangu na za upepo. Rada haitakwambia hili. Inabidi ulikokotoe mwenyewe, na baada ya kulikokotoa utarudi kufanya mazoezi ya pumzi.

Jambo moja ambalo rada imelionyesha bila ubishi ni joto. Risasi ukiiacha ndani ya chemba ya bunduki iliyopata moto, huku ukisubiri upepo utulie, baruti inapata joto na kasi inapanda. Nimekuwa nikiliona kwenye kioo na kwenye karatasi kwa pamoja kwa ile .308: unasubiri, unafyatua, namba iko juu, na tundu liko juu. Siku hizi upepo ukinichelewesha naitoa risasi chemba ikae wazi. Mita 300 faida yake ni ndogo, lakini kwa wenzetu wa masafa marefu si ndogo hata kidogo.

Kuhusu matumizi ya kila siku sitachelewa. Betri inakaa na chaji vizuri. Kioo kinasomeka juani ukikiinamisha kidogo. Unganisho lake na simu hukatika likipenda, na ninachofanya ni kuandika namba kwenye daftari, ambako hazikatiki. Miguu yake mitatu ni myepesi mno: bunduki ya jirani yenye kizuia teke, kile cha mdomoni kinachotupa gesi pembeni, inaipuliza na kuigeuza, nayo inaacha kuona. Iweke nyuma kidogo ya mdomo wa mtutu, chini, na uizungushie mifuko miwili ya mchanga. Kwenye mstari uliojaa watu, mara mojamoja inaiba risasi ya jirani. Ukiona 790 katikati ya 327 utajua, lakini jirani akiwa naye ana .22 hutajua, na wastani wako utakuwa na mgeni ndani yake. Inaruhusu kufuta risasi moja moja, ila baada ya kubonyeza mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nani ainunue kwa maneno yangu? Mwenye .22 anayeshindania desimali na anayejaribu loti, au aliyefunga uzito wa kurekebisha mtetemo: chukua. Anayepiga zaidi ya mita 500 na kuingiza kasi kwenye programu ya kukokotolea mwinuko: chukua, tena ungeshachukua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye kundi lake bado linafunika mduara wa nane: hapana. Nunua risasi kwa hizo pesa, na ukitaka kujua kasi yako azima ya mtu, hakuna klabu isiyo na moja.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa watakapoweka kitufe cha kuificha ile namba ya mchepuko hadi risasi zifike 20.